Mkaguzi Aliyewatenga Wagonjwa Tumboni

Niseme au ninyamaze?

— Sema, masikio yetu yako wazi.

Nikidanganya?

— Danganya taratibu, tukufuate.

Katika zahanati ya Kichakani siku ile walikuwapo hawa: Sange, mganga, mwenye pua ndefu kama mrija (wasiomjua humwita panya, nao hukosea), Digidigi, jirani yake, mgonjwa wa surua, amelala mkekani, Kobe, karani, mwenye muhuri, na Fisi, Mkaguzi Mkuu wa Maradhi ya Kuambukiza, mwenye tumbo.

Sheria ilikuwa moja. Mganga akimwona mgonjwa wa maradhi ya kuambukiza, amwandikie Mkaguzi taarifa kabla jua halijatua, na Mkaguzi amtenge mgonjwa huyo asiwaambukize wengine; mganga asiyeandika atengwe yeye. Fisi alikuwa amechagua mahali pa kuwatengea: tumboni mwake. Alisema hajapata kusikia aliyetoka humo akamwambukiza mtu.

Basi Kanga alishikwa na ndui. Sange akaandika, Kobe akagonga muhuri, ta! Fisi akamtenga, nyafu! Pongo alishikwa na kifaduro. Sange akaandika, Kobe akagonga, ta! Fisi akamtenga, nyafu! Ngiri alishikwa na kipindupindu. Sange akaandika, Kobe akagonga, ta! Fisi akamtenga, nyafu, na chumvi akaomba.

Sasa ilikuwa zamu ya Digidigi. Sange akimwandika, jirani ataliwa. Asipomwandika, sheria inasema ataliwa mganga. Sange akaichukua fomu ya taarifa, akaisoma polepole toka juu, na chini kabisa akakuta safu ambayo hakuna aliyewahi kuijaza: majina ya waliomgusa mgonjwa.

"Bwana Mkaguzi," akasema, "nani alimgusa Kanga?"

"Mimi."

"Na Pongo?"

"Mimi, mpaka mifupa."

"Na Ngiri?"

"Nani mwingine angethubutu?"

Sange akaandika: ndui, kifaduro, kipindupindu, yote matatu katika mgonjwa mmoja. Akaeleza kwamba huyo ndiye wa kutengwa kwanza, maana Digidigi ana ugonjwa mmoja tu na anaweza kungoja. Kobe akagonga, ta!

Fisi akauliza kama mgonjwa huyo ni mnono.

"Mnono, bwana. Ana watatu ndani yake."

Udenda ukamdondoka Fisi, to, to, to. "Yuko wapi?"

"Mkia wake uko nyuma yako."

Fisi akageuka. Nyafu! Akala mkia, akapiga yowe. Akala paja la kushoto, akapiga yowe.

"Mtamu," akasema, "lakini ana makelele."

Sange akamkumbusha kuwa wale watatu nao walipiga kelele, wala Mkaguzi hakuacha kazi. Fisi akaona ni kweli. Akaendelea.

Upele wa Digidigi ukakauka siku ya tisa.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeipenda aibebe, aliyeichukia aniachie. Funzo lake ni hili: enyi waganga, andikeni taarifa mapema na jazeni kila safu, kwa maana mtumishi anayeitimiza sheria mpaka mwisho hapatwi na baya lolote.

Fisi alifariki Jumatano, alasiri.