Kengele Iliyolia Mahameni

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana rimu ya lori ilikwisha kuwa kengele ya kanisa, palikuwa na kijiji juu kabisa kwenye milima ya Upare. Chemchemi yake ikakauka. Watu wakafunga virago wakashukia tambarare, kwenye mifereji ya mpunga. Leo nyumba hii, kesho nyumba ile. Kisa hiki nimekiamua mara nyingi na kila mara nimeshindwa, kwa hiyo jioni hii mtakiamua ninyi.

Walibaki watu watatu.

Wa kwanza, Mwinjilisti Senkondo, aliyeongoza ibada mchungaji asipofika. Kila Jumapili aligonga rimu kwa nondo: kengele ya kwanza, ya pili, ya kuingia. Kisha akasimama mlangoni, akangoja.

Wa pili, Bibi Nakijwa, aliyekaa ng'ambo ya bonde. Miguu ilikuwa imemkatalia, na waliohama waliona haya kumuaga, kwa hiyo hakujua kwamba wameondoka. Kengele ikilia aliwaombea washarika wote pale kitandani, benchi kwa benchi, kama alivyokumbuka walivyokuwa wakikaa.

Wa tatu, Naetwe, mjane aliyemchotea bibi maji. Sasa, pale palikuwa na desturi: anayetoka ibadani humpitia mgonjwa, akampa neno lililohubiriwa na salamu za washarika. Naetwe alikwenda, akakaa benchini peke yake mwinjilisti akihubiri, akaimba mpaka koo likamkauka. Kisha akampitia bibi.

"Ibada ilikuwaje, mwanangu?"

"Nzuri, bibi. Kanisa lilijaa."

"Akina Mrutu walikuja?"

"Walikuja. Wanakusalimu sana."

"Bwana asifiwe."

Jumapili kengele, Jumapili maombi, Jumapili uongo. Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia, na wote watatu wakachoka.

Ndipo mchungaji wa tambarare akapanda mlima kwa pikipiki, kamba begani. Kanisa lake jipya halikuwa na kengele. Akawakuta wote nyumbani kwa bibi, akasema, "Poleni kwa kubaki watatu tu."

Bibi akageuza kichwa. "Watatu? Na akina Mrutu?"

"Akina Mrutu wanasali kwangu tangu walipohama, bibi. Kama wenzao wote."

Naetwe akatazama chini. Bibi akageukia ukutani.

Mchungaji hakujua alichokivunja, akaendelea. "Nimeagizwa na wakubwa wangu hivi: kanisa ni imani, si mabati. Aliyelibeba kanisa la hapa, kengele ni yake, aitumie atakavyo. Ni nani?"

Senkondo akasema, "Mchungaji, imani yangu niliizika pamoja na mke wangu. Tangu siku ile sijaomba sala hata moja ya kweli. Lakini nimegonga. Nisingegonga, bibi angeomba saa ngapi? Naetwe angekwenda wapi? Mwenye imani hupata nguvu kwa imani yake. Mimi nilibeba kwa mikono mitupu. Nipeni kengele niishushe, kisha niende kwa binti yangu nikapumzike."

Naetwe akasema, "Mimi naamini, ila kwa shida. Nimedanganya, na uongo huo nitaujibu mwenyewe. Lakini mwinjilisti alimhubiria nani kama si mimi? Bibi alishirikiana na nani kama si mimi? Mmoja alikuwa na kengele, mwingine alikuwa na sala, na aliyepanda na kushuka bonde kuwaunganisha ni mimi. Nipeni kengele. Nitaishusha pamoja na bibi, yeye mgongoni kwangu, akakae katikati ya watu wa kweli kabla hajafa."

Wakamgeukia bibi. Alikuwa analia.

"Kumbe nimeombea mabenchi matupu," akasema.

Naetwe akapiga magoti. "Nisamehe, bibi yangu."

"Ngoja kwanza, mwanangu. Nina uchungu."

Wakangoja. Bibi akajifuta uso kwa upindo wa khanga.

"Huyu hakuomba, na huyu alidanganya," akasema. "Mmeniambia kanisa ni imani. Basi imani ilikuwa wapi, kama si kitandani hapa? Mnadhani kwa nini mkono wa mwinjilisti haukuchoka? Nilikuwa nauombea."

"Ulichoka, bibi," Senkondo akasema. "Ulichoka sana."

"Lakini uligonga."

Senkondo akatazama viganja vyake.

"Mkinibeba kushuka mlima nitafia njiani, na watoto wangu wamezikwa hapa," bibi akasema. "Nipeni kengele. Ibaki ilipo, igongwe mpaka siku nitakayozikwa."

Mchungaji akatoka nje, akaketi kizingitini, kamba juu ya magoti. Alikuwa amekuja kuchukua rimu tu.

Kengele ikiwa ya Senkondo, Jumapili bibi ataamka asisikie kitu. Ikiwa ya Naetwe, bibi huenda asifike tambarare. Ikiwa ya bibi, wawili waliochoka wataendelea kuchoka, na sasa hakuna tena wa kumwambia kwamba kanisa lilijaa.

Msinitazame mimi. Mmoja aligonga bila kuamini. Mmoja aliamini kwa salamu za uongo. Mmoja alidanganya, lakini ndiye pekee aliyekaa benchini. Na yule wa kizingitini bado ameshika kamba, anawangoja ninyi.

Je, kati yao, kanisa lilikuwa nani?