Kwa Nani Pale Chini

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, lami ilipofika mguuni pa mlima wetu ikaishia hapo, palikuwa na kijiji kiitwacho Kwandolwa. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza, na sitaki jibu la kunipoza. Hadithi hii sikuletewa na mtu. Nilikuwepo, na mdomo wangu huu ni mmoja wa midomo iliyoleta balaa lenyewe.

Kwandolwa ni kijiji cha vyungu. Wanaofinyanga ni wanawake, na udongo wanauchimba bondeni, mahali ambapo mwanamume hakanyagi. Serikali haikukataza, ni hivyo tu, tangu enzi za mama wa mama zao. Mwanamume akikanyaga, wanasema, vyungu hupasuka motoni. Mahali penyewe hapana hata jina. Mwanamke akitoka na kikapu ukamuuliza anakwenda wapi, atakujibu, "Chini," na yameisha. Mimi nimezaliwa pale, nimeoa pale, nimelea watoto watano kwa vyungu vile, na sikuwa najua hiyo chini iko upande gani wa bonde.

Basi siku moja wakaja watu wa halmashauri na ramani. Walikuja Jumatano, siku ya kuchoma vyungu, kwa hiyo wanawake wote walikuwa kwenye moto na mkutanoni tulijaa wanaume watupu. Afisa ardhi akabandika ramani ukutani. Akasema mnataka stendi, na kweli tulikuwa tunaitaka, tulishachoka kubeba wagonjwa na tangawizi hadi kwenye lami. Akasema stendi itajengwa kipande namba kumi na nne. Akatuonyesha kwa fimbo. Pale kwenye ramani paliandikwa "eneo wazi". Tukatazama. Hakuna hata mmoja wetu aliyepatambua, tungepatambuaje?

Afisa akauliza kama tunaafiki. Sisi tukasema, "Tumesikia."

Hapa nisimame kidogo, maana naona wawili watatu wanacheka. Kwetu mgeni hakataliwi usoni. Akileta neno, unamwambia tumesikia, anakula, anakwenda zake, halafu mnakaa na wake zenu mnalipima, ndipo mnamtuma mtu na jibu. Tumesikia si ndiyo, wala si hapana. Mtoto wa darasa la kwanza pale Kwandolwa anajua.

Mchomvu, karani wa kijiji, naye alijua, ni mzaliwa wa pale pale. Lakini fomu aliyopewa ilikuwa na visanduku viwili: wameafiki, wamekataa. Kisanduku cha tumesikia hakikuwepo. Karani akatutazama, akaitazama fomu, akamtazama afisa aliyekuwa anaangalia saa yake. Akatia alama kwenye wameafiki. Kisha kwenye muhtasari, kwa mwandiko wake mzuri, akaandika kwamba wananchi wa Kwandolwa wameafiki kwa kauli moja.

Tukarudi majumbani. Tukangoja kukaa na kulipima, tukaanza kuvuna, tukasahau. Nasema tukasahau, sina namna ya kulipamba.

Baadaye likabandikwa tangazo kwenye mlango wa ofisi: mwenye pingamizi alete ndani ya siku thelathini. Tulilipita kama tunavyolipita tangazo la chanjo ya mbwa. Siku ya kumi na mbili, Bibi Nanzia akashuka chini na kikapu chake.

Huyu Nanzia ni mjane, mfinyanzi mkubwa kuliko wote, na ulimi wake mnaujua nyinyi mliowahi kupita kwetu. Alikuta bikoni nne za zege, zile alama za mpaka wa kiwanja, zimesimikwa juu ya udongo, zimepakwa rangi nyekundu, moja katikati ya shimo alilokuwa akichimba mama yake. Hakupiga yowe. Aliing'oa ile ya katikati kwa jembe, akaitia kikapuni, akaipandisha mlima kichwani, akaitua mbele ya ofisi ya kijiji. Akatuuliza sisi wanaume nani kapanda jiwe kwenye udongo wake. Ndipo tukajua kipande namba kumi na nne ni wapi. Nakumbuka hakuna aliyeweza kumtazama.

Wiki mbili nzima mke wangu alinipikia kwenye sufuria, si kwenye chungu, akaniwekea chakula na kuondoka bila neno. Aliponena, alisema jambo moja tu: kama pale chini pataondoka, wao si wafinyanzi tena, na Kwandolwa haina kazi nyingine ya kumweka mwanamke hapo. Nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia.

Sasa kung'oa bikoni ni kosa. Halmashauri ikaleta barua: kijiji kinachong'oa alama za serikali hakitasikilizwa mpaka alama irudi mahali pake. Nanzia akasema hairudi. Tukambembeleza, tukapiga magoti wazee wazima, akasema hairudi mpaka aone nani ataibeba. Siku tatu tulizipoteza hapo, kati ya chache tulizobaki nazo. Mwishowe mkwe wake, Nakiete, mke wa mwanawe, akaibeba mwenyewe alfajiri, akairudisha. Nanzia alipojua alisema sawa, imerudi, nami narudi.

Akashuka na udongo wake, maji yake, na mkeka. Akakaa pale pale katikati akifinyanga. Kesho yake likaja katapila kusafisha eneo kabla hata siku za pingamizi hazijaisha. Dereva, bila kushuka kwenye mashine, akamwomba asogee. Nanzia hakuinua kichwa.

"Ukitaka kupita, mwanangu, pita. Mimi nipo nafinyanga."

Dereva akazima mashine. Akaja siku ya pili, akazima. Akaja ya tatu, akazima, akaacha kuja. Nanzia hakuacha. Jua lilimpiga, akakaa. Mvua ya wiki nzima ilimpiga, akakaa na gunia kichwani. Kifua kilimshika, na mpaka leo akikohoa unamsikia toka barabarani. Akakaa.

Huku juu Nakiete alikuwa anatembea. Ni mdogo kuliko wafinyanzi wote, tena alikuja kuolewa tu, hakuzaliwa na udongo ule. Lakini alilisoma tangazo neno kwa neno, akaona pingamizi halisikilizwi bila maandishi na sahihi za kaya. Akaandika. Akaenda vitongoji vitatu, kaya kwa kaya. Waliokuwa wanaitaka stendi walimfungia mlango, akawangojea shambani. Aliwaambia stendi tunaitaka, waihamishie kwenye ghala bovu la tangawizi, pale udongo ni changarawe. Wakatia sahihi. Nami nilitia. Siku ya ishirini na nane alikwenda mjini kwa miguu mpaka kwenye lami, akalifikisha pingamizi halmashauri.

Siku ya thelathini afisa ardhi akaja kulisikiliza. Safari hii wanawake walizima moto wakaja wote. Karani Mchomvu akaambiwa asome muhtasari wa mkutano ule. Akasimama, akasoma mpaka "wananchi wa Kwandolwa", akaishia hapo. Afisa akamhimiza. Karani akaikunja karatasi.

"Hawakusema hivi," akasema. "Walisema tumesikia. Aliyeandika wameafiki ni mimi."

Afisa akamwonya mbele yetu kwamba anayekiri hivyo anakiri kuandika uongo kwenye hati ya serikali. Karani akajibu kwamba anajua. Mwezi ule ule kazi ikaota mbawa, na leo analima tangawizi kwenye shamba la kaka yake. Lakini siku ile muhtasari ulikufa, pingamizi likapata pumzi.

Pumzi moja tu. Afisa alikuwa mtu wa haki, nampa lake, lakini alisema hata muhtasari ukiondoka, ramani inasema eneo wazi, na yeye akitazama toka barabarani anaona majani. Kama pana kazi inayofanyika pale, aonyeshwe kwa macho yake, leo, maana siku zinaisha leo.

Afisa ni mwanamume. Wanawake wakatazama chini, sisi tukatazama wanawake. Nanzia, aliyepandishwa na watu siku ile kwa ajili ya kikao, akasema kwa sauti ile ya kifua kwamba waliopanda bikoni waliingia kwa wizi, lakini kwa kukaribishwa mguu wa mwanamume hautashuka pale akiwa hai. Akasema hakukaa mvuani kulinda udongo ili aje auharibu kwa mkono wake.

Nakiete akainuka.

"Nisamehe, mama," akamwambia. Kisha akamgeukia afisa. "Twende."

Wakashuka wawili. Sisi wanaume tulibaki juu, kwa hiyo yaliyokuwa huko nayajua kwa kuambiwa. Afisa alikuta mashimo saba, moja kando ya jingine, na ngazi zilizochongwa kwa visigino vya watu ambao hakuna anayewakumbuka majina. Alikuta vigae vimelala tabaka juu ya tabaka. Akakaa kitako kwenye ukingo, akauliza maswali, akaandika. Alipopanda, viatu vyake vilikuwa na udongo wa kijivu hadi kwenye kamba. Akasema stendi itajengwa kwenye ghala la tangawizi, na leo ukipanda gari kwetu unapandia pale.

Mngedhani yameisha. Hayajaisha.

Jumatano iliyofuata walichoma vyungu, na nusu ya vyungu vikapasuka. Wengine wakasema kuni zilinyeshewa, na ni kweli zilinyeshewa. Wengine hawakutaka kusikia habari ya kuni. Nakiete akaambiwa asilete tena vyungu vyake kwenye moto wa pamoja. Anachoma peke yake nyuma ya nyumba, na kila asubuhi anamwamkia mama mkwe wake shikamoo, na mama mkwe haitikii.

Ndipo ikaja karatasi mpya toka halmashauri. Afisa kaandika kwamba kilichotaka kuwaponza ni kutokuwa na jina. Kwenye ramani kila kijiji kina "chini", hawezi kuandika chini. Mnajua kwetu mahali huitwa kwa mtu: kwa Msuya, kwa Mama Elisifa, kijiji chenyewe ni kwa Ndolwa. Basi kachapa kwenye kipande namba kumi na nne neno moja, "Kwa", na mbele yake kaacha wazi tujaze. Jina moja, nafasi ni ndogo. Siku thelathini. Zikipita bila jina, kipande kinarudi kuwa eneo wazi, na mwenye mpango mwingine atakuja na fimbo yake ukutani.

Tukakaa. Safari hii tulikaa kweli, wanawake na wanaume. Mmoja akasema paitwe kwa Wafinyanzi, akaulizwa wafinyanzi wa moto upi, maana sasa mioto ni miwili. Akakaa.

Nanzia akasema ni pake. Kama asingekaa, katapila lingepita siku ile ya kwanza, na hilo pingamizi la Nakiete lingetetea shimo gani, na huyo afisa angeonyeshwa nini? Wakamjibu kwamba bikoni aliyoing'oa nusura itufungie mlango sote.

Nakiete akasema, kwa adabu, kwamba mama alikaa lakini kukaa hakuandikwi popote. Yeye ndiye aliyetembea, na yeye ndiye aliyetoa alichokuwa nacho, moto wa wenzake na salamu ya mama yake. Wakamjibu kwamba alichokitoa hakikuwa chake peke yake.

Karani hakutaka kusema. Tulipomlazimisha alisema paitwe kwa Mchomvu, na watu wakaguna kwa hasira, maana ni yeye aliyetuuza. Akangoja tumalize kuguna. Akasema haombi sifa. Anataka kila karani atakayefungua ramani ile akute jina lake pale na kuuliza huyu alikuwa nani, aambiwe yote, lile la kwanza na lile la pili, kabla hajashika kalamu. Wengine walilia. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Siku ishirini na saba zimekwenda hivyo. Kila nyumba ina jina lake. Nyumba yangu ina mawili, ninalolitaka mimi na analolitaka mke wangu. Wenzangu wakaona tutazimaliza siku zote bure, wakanipa karatasi mimi, wakasema nenda mbali, kawaulize watu wasio na mkwe wala shemeji Kwandolwa, watakalosema tutaliandika.

Nimekuja kwenu. Karatasi ni hii, kalamu ni hii. Zimebaki siku tatu na moja nitaitembea. Msinikaribishe chakula kwanza, na tafadhalini sana, ndugu zangu, msiniambie mmesikia. Hapa pameandikwa "Kwa".

Kwa nani?