Mti wa Maua ya Kila Rangi

Semeni pakawa, nami niseme kilichokuwa. Masika yalipokwisha, Mwanasiti na wifi yake Saumu waligawana doti ya kanga ya njano yenye madoa mekundu, wakajitanda, wakaenda bondeni kutazama mti uliochanua. Kila tawi lilikuwa na rangi yake.

“Mbona hauna nyuki?” akauliza Mwanasiti.

“Kaa, wifi.”

“Mbona hauna ndege?”

“Wewe na shaka zako. Kaa.”

“Mbona maua hayaanguki?”

Mimi ningerudi nyumbani. Saumu akatandika kanga yake kivulini, akaketi. Maua yote yakamwangukia, yakamfunika gubigubi. Mwanasiti alipoyafukua, alikuta ardhi tupu.

Mwaka uliofuata mti ulichanua tena, na tawi jipya lilikuwa la maua ya njano yenye madoa mekundu. Mwanasiti alilitazama kwa mbali, amejitanda kipande kilichobaki.