Mkunga Aliyekataa Kuapa

Inasimuliwa na watu wa nchi ya Hindi, wakiyaeleza ya zama za wafalme wa Kimughali, kwamba palikuwa na mja mwema mmoja, mwanamke mjane, jina lake Bibi Khujista. Alikuwa mkunga katika ngome ya Nurabad, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka thelathini. Hakuwahi kumgusa mzazi kabla ya kutawadha, na kila mtoto aliyempokea, awe wa mfalme au wa mfagiaji, alimtazama usoni na kumwambia, "Karibu, amana ya Mola." Wanawe wawili walikwisha kumtangulia mbele ya haki, na Mwenyezi Mungu hakumjaalia wengine.

Ngome ile ilikuwa chini ya Mirza Farrukhzad, mwana wa mfalme aliyepewa jimbo lile alitawale kwa niaba ya baba yake. Mirza alikuwa amemwoa mwanamke ambaye jamaa zake hawakumtaka. Siku moja alipeleka Mas-haf yake, nakala ya zamani ya Qurani, kwa fundi wa kutia vitabu majalada. Fundi akasoma aya moja ili ajue ukurasa umekatikia wapi, akakosea irabu, na sauti ya binti yake ikamsahihisha kwa upole kutoka nyuma ya pazia. Mirza alirudi katika duka lile mara nne, kila mara na kitabu kingine, na mara ya tano akaja na mashahidi wa ndoa. Binti huyo ndiye Gulrukh.

Mirza alimpenda mapenzi yasiyofichika. Alimsomea barua za raia waliodhulumiwa na kumwuliza rai yake, na mara nyingi hukumu iliyotoka barazani asubuhi ilikuwa imepimwa kwanza katika chumba cha Gulrukh. Mabibi wa kasri walimwita binti wa gundi na ngozi, naye aliwasalimu kwa heshima, akapita. Bibi Khujista alimpenda kwa tabia hiyo, akawa kwake kama mama wa pili.

Mwaka wa sita wa ndoa ile, Gulrukh alipokuwa na mimba ya miezi saba, ilikuja barua ya mfalme. Iliamuru kwamba mwaka usiishe Mirza hajapata mwana wa kiume. Ukiisha, ataoa binti wa waziri, na binti wa fundi ahamishiwe nyumba ya mbali mpakani. Mirza aliikunja barua, hakumwonyesha mkewe. Lakini kasri lina masikio mengi, na Afsar Begam, mama yake Gulrukh, ambaye tangu harusi ile alikuwa akiitwa kwa jina hilo la heshima la mabibi, alipata habari yote kabla ya adhuhuri.

Mimba ilipotimia, uchungu ulimshika Gulrukh siku ya Jumanne, na Mirza alikuwa safarini kukagua mifereji ya maji, mwendo wa siku tatu. Asubuhi nzima Gulrukh alihangaika. Tabibu akampelekea dawa ya kupunguza maumivu, na alipojifungua tu alizama katika usingizi mzito, asijue kilichotokea. Mtoto alikuwa wa kike, na hakulia. Bibi Khujista alimsafisha pumzi, akamkanda kifua kwa vidole viwili, akampulizia, akamwita kwa dua zote alizozijua. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Kisha akamfunika uso.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema. "Mama Afsar, mjukuu wako ni wa kike, na Mola wake amemchukua kabla hajaionja dunia."

Afsar Begam hakulia. Alikwenda mlangoni, akaufunga, akarudi.

"Asijue mtu," alisema. "Hata mwanangu mwenyewe asijue. Nipe muda kidogo."

Akatoka. Aliporudi, wakati wa alasiri, nyuma yake alikuwa na kijakazi aliyebeba bunda la mashuka, na ndani ya mashuka mlikuwa na mtoto mchanga wa kiume, yu hai, anajinyonya ngumi. Bibi Khujista alimtambua papo hapo. Alikuwa amempokea kwa mikono yake Jumapili iliyopita, katika kibanda cha mtunza bustani. Mama yake aliitwa Nuri, na mtoto alikuwa na kipande kidogo kilichokatika juu ya sikio la kushoto, kama jani lililoumwa na kiwavi.

"Huyu ana mama," Bibi Khujista alisema.

"Mama yake ameambiwa kwamba macho ya mwanawe yalikuwa ya njano, akapelekwa kwa tabibu, degedege likamchukua, akazikwa. Mwanamke yule ni kijana, atazaa wengine. Mwanangu hana nafasi nyingine. Umeisikia barua ya mfalme?"

"Nimeisikia."

"Basi Ijumaa Mirza atakuwa amerudi. Kadhi atakuja na Mas-haf kama ilivyo ada ya ukoo huu, uape kwamba mtoto huyu umemtoa kwa Gulrukh. Neno moja tu, mkunga. Kwa neno hilo mwanangu atabaki na mumewe."

Bibi Khujista alimtazama Gulrukh aliyelala, nywele zimemganda kwenye paji la uso. "Mama Afsar," alisema, "wataka niape kwa jina la Mungu kwamba aliye hai ni wa huyu, na aliyekufa si wa mtu. Huyu mdogo ana haki zake. Ana haki ya kuoshwa, na kuzikwa, na kuitwa jina na baba yake. Na yule mvulana ana haki ya nasaba yake. Nitakuwa nimewaibia wawili kwa neno moja."

"Huna binti, ndiyo maana waweza kusema hivyo."

"Nimezika wawili."

Afsar Begam hakuwa mwanamke katili. Hofu ndiyo iliyokuwa imemkalia. Akasema kwa sauti ya chini, "Usipoapa, nitasema ulimwua mtoto wa Mirza kwa uzembe. Chagua."

Bibi Khujista aliomba jambo moja, amwoshe marehemu. Akaruhusiwa. Alimwosha kwa maji ya uvuguvugu, akamsitiri kwa mtandio wake mweupe, na magharibi haijaingia akamzika kwa mkono wake chini ya ukuta wa bustani, pasipo jina. Alipomaliza, watumishi wa Afsar Begam walimpeleka katika ghala ya mazulia, wakamfungia humo.

Siku tatu alikaa mle. Hatukuhadithiwa kwamba alikuwa mtulivu wakati wote, na sisi hatutamzidishia. Aliogopa. Alijua kosa alilotishiwa kusingiziwa adhabu yake ni kukatwa shingo. Lakini lililomsumbua zaidi halikuwa shingo yake. Kupitia tundu la ukuta alisikia sauti ya Gulrukh chumba cha jirani, ikimwimbia mtoto na kumpa majina ya mapenzi, na mtoto akinyonya kwa pupa na kukohoa. Gulrukh alikuwa na furaha ambayo Bibi Khujista hakuwahi kuisikia kwake katika miaka sita. Mkunga alijiambia, mimi ndiye nitakayeiua furaha hii. Akaona neno moja la uongo lingekuwa rahisi, tena lingefanana na huruma. Akasimama kuswali, akashindwa kuikamilisha rakaa ya kwanza kwa kilio, akaanza tena. Na katika sijda yake alikumbuka kwamba ng'ambo ya bustani kuna mwanamke mwingine ambaye matiti yamejaa, na hana wa kumnyonyesha. Hapo akaacha kujiuliza.

Ijumaa, baada ya sala, Mirza Farrukhzad alifika na vumbi la safari mabegani. Kadhi alikaa upande mmoja wa pazia, na Gulrukh upande wa pili, mtoto kifuani. Afsar Begam alikuwa karibu naye. Bibi Khujista akaletwa.

"Weka mkono juu ya Mas-haf, Bibi," kadhi alisema, "ushuhudie uliyoyaona."

"Sitauweka, Sheikh, kwa ushahidi niliotayarishiwa na wengine. Niruhusu niseme kwanza. Nikimaliza, nikitakiwa kuapa kwa niliyoyasema, nitaapa." Akageukia pazia. "Binti yangu Gulrukh, unisamehe kwa kukuumiza. Ningeweza kukuambia peke yako ningekuambia, lakini nilifungiwa mlango. Mtoto uliyemzaa alikuwa wa kike. Hakupumua. Nilimwosha, nikamsitiri, nikamzika. Huyu uliye naye ni mtoto wa Nuri, mke wa mtunza bustani, na mama yake anamlilia akidhani amekufa."

Afsar Begam akasimama. "Anajifunika," alisema. "Amemwua mjukuu wangu kwa uzembe wake, sasa anatunga."

Kadhi, mzee aliyezoea kusikia watu wakijitetea, hakupandisha sauti. "Jambo hili lina njia nyepesi. Aitwe huyo Nuri, aulizwe kabla hajamwona mtoto."

Lakini Mirza aliinua mkono. Macho yake yalikuwa kwenye pazia, na wote waliokuwapo walielewa kwamba anaifikiria ile barua aliyoikunja. "Sheikh," alisema polepole, "tuliosikia haya ni sisi tu tulio humu. Mtunza bustani na mkewe naweza kuwatendea wema maisha yao yote. Mtoto atakua katika heshima. Ni nani atakayedhurika tukinyamaza?"

Kadhi aliinamisha kichwa. Bibi Khujista ndiye aliyejibu. "Bwana wangu, mimi ni mtumishi wako, na ukitaka roho yangu huhitaji sababu. Ila kunyamaza kwangu hakutambadilisha mtoto huyu kuwa wako. Kila ukimwita 'mwanangu', utajua."

Ndipo sauti ya Gulrukh ikatoka nyuma ya pazia, nyembamba, kama mtu aliyeamka usingizini.

"Mama Khujista. Alikuwaje?"

"Alikuwa na nywele nyingi, binti yangu. Na kidevu cha baba yake."

"Nuri aitwe," Gulrukh alisema. "Mume wangu, nimemnyonyesha huyu siku tatu, na nimejua maziwa yakichelewa kutoka yanavyouma. Nuri yanamtoka bure. Siwezi kukaa karibu nawe kwa kukalia kilio cha mwanamke mwenzangu."

Nuri akaletwa, nguo yake imelowa kifuani, hajui ameitiwa nini. Kadhi akamwuliza mwanawe alikuwa na alama gani. Akagusa sikio lake la kushoto, akashindwa kusema. Gulrukh alisimama mwenyewe, ingawa hakuwa na nguvu, akamtoa mtoto nje ya pazia kwa mikono miwili, akampa. Watu waliokuwapo walisema Nuri alikaa chini palepale sakafuni, mbele ya mwana wa mfalme, akamnyonyesha mtoto akijifunika shela, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Mirza alilia waziwazi. Kadhi, baada ya kuacha watu wapumue, akasema neno ambalo hakuna aliyelitarajia. "Begam Gulrukh, sheria haikukutoa mikono mitupu. Aliyemnyonyesha mtoto ni mama yake wa kunyonya. Huyu si wa nasaba yenu na hatarithi kiti, lakini ni mwanao kwa maziwa, halali, bila uongo wowote. Nuri akiridhia, unaweza kumwona na kumlea naye." Nuri aliinua macho, akaridhia kwa kutikisa kichwa.

Jioni ile Mirza na mkewe walikwenda kwenye ukuta wa bustani, Bibi Khujista akawaonyesha mahali. Baba akampa mwanawe jina, akamwita Mahliqa. Kesho yake alimwandikia mfalme barua, hakuficha lolote, na akaeleza kwamba hataoa binti wa waziri. Mfalme alikasirika. Alimvua utawala wa jimbo akampa ndugu yake, na Mirza na Gulrukh wakahamia mji mdogo wa milimani, wakaishi maisha ya kawaida kwa watu wa daraja lao, na mtunza bustani na familia yake wakafuatana nao kwa hiari. Hawakupata mtoto mwingine. Yule mvulana alikua akiwa na mama wawili, akajifunza kwa baba yake kupandikiza miti ya tufaha, na kwa Gulrukh kusoma Qurani bila kukosea irabu.

Ama Afsar Begam, kadhi aliamua kwamba haki ya kumsamehe ni ya Nuri, wala si ya mtu mwingine. Alikwenda kwake, akakaa mlangoni, akaomba. Nuri hakumsamehe siku ile, wala mwezi ule. Alimsamehe baada ya miaka miwili, na hakuna aliyemlaumu kwa kuchelewa.

Na Bibi Khujista aliendelea kupokea watoto mpaka macho yalipomchoka. Alipoulizwa na wanawake vijana jinsi alivyopata ujasiri siku ile, alisema hakuwa nao. Alisema alikuwa amemwosha mtoto yule kwa mikono yake, na hangeweza kuiweka mikono hiyohiyo juu ya Mas-haf na kusema hakuwahi kumwona.

Enyi wapendwa, uongo unaotisha zaidi ni ule unaotujia kwa sura ya huruma, ukituomba tumwonee mmoja ili tumfurahishe mwingine tunayempenda. Bibi Khujista hakuchukua huruma ya namna hiyo. Alisema kweli huku analia, akamwachia Mola wake matokeo, na wengine wakapata njia ya kutenda wema kwa sababu yeye alikataa kuwafungia. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie ndimi zisizoshuhudia ila haki, hata pale inapowauma tuwapendao.