Vyungu vya Kalunde

Chungu kisicho na alama hakimwaibishi mfinyanzi. Mjomba wenu aliisema methali hiyo jana dawati jipya lilipomvunjikia, mkacheka, na sasa mnaniuliza ilitoka wapi. Sogeeni basi, chanzo chake ni hiki.

Zamani, katika kijiji kimoja cha Unyamwezi, wanawake walifinyanga vyungu, na kila mmoja alichora alama yake shingoni mwa chungu. Kalunde alichora nyayo za kanga. Udongo wake aliutwanga siku mbili, akauchekecha, akatoa kokoto moja moja, maana kokoto hupasua chungu motoni. Wachuuzi walipofika kubadilisha chumvi kwa vyungu, walitafuta nyayo za kanga kwanza. Wenzake wakanung'unika.

Mkuu wa kijiji, Masunga, hakupenda ugomvi. Akaamuru vyungu vyote viwekwe katika ghala moja, bila alama, na chumvi itakayopatikana igawanywe sawasawa, hata kwa wajane na vikongwe. Kweli manung'uniko yaliisha, na mwaka ule watu walimsifu sana.

Kalunde aliendelea kutwanga siku mbili. Jirani yake Nkamba alitwanga asubuhi moja, akapokea kibaba kile kile cha chumvi.

"Dada, unamtwangia nani?" Nkamba akamtania. "Au unazionea huruma kokoto?"

Kalunde akacheka. Lakini msimu uliofuata alitwanga siku moja. Kisha nusu.

Ndipo binti yake, Mhoja, akajifungua. Kalunde alichukua chungu ghalani, akakiinjika ili apate maji ya kumwogesha mtoto. Maji yalipochemka, chungu kikapasuka. Mhoja alikuwa ameketi karibu na mafiga, mtoto mapajani. Mkeka ukalowa hadi karibu na miguu yake, mvuke ukajaa nyumba, na mtoto hakulia. Kalunde akamfunua. Alikuwa amelala, mkavu, hana hata lengelenge.

 Kalunde akaokota vigae, akavipeleka barazani kwa Masunga, wafinyanzi wote wakaitwa. Ndani ya kila kigae kulikuwa na kokoto.

"Ni cha nani hiki?" Masunga akauliza.

"Si changu," Nkamba akasema upesi.

"Wala changu," akasema mwingine.

Kalunde akakipapasa kigae. "Mimi siwezi kuapa. Zamani ningekijua changu gizani. Sasa huenda ni hiki. Nusura mjukuu wangu aungue, na sijui kama ni kwa mkono wangu."

Nkamba akainamisha kichwa. "Hata mimi sijui, dada. Nilisema tu."

"Baba, turudishie alama zetu," Kalunde akamwambia Masunga.

"Na ugomvi je?"

"Tutagombana. Ugomvi haujamuunguza mtoto."

Masunga akakubali. Wajane na vikongwe waliendelea kutengewa fungu lao la chumvi, hilo halikuguswa, lakini kila chungu kikarudi na alama ya aliyekifinyanga. Siku ya kuchoma vyungu vya kwanza, wanawake walifika mapema kuliko kawaida, kila mmoja akikiangalia chake. Mhoja akawa anachemsha maji akiimba, mtoto kando yake, na mama yake akalala usingizi mzuri.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, mkiona kazi mbovu isiyo na mwenyewe, msihangaike kuuliza kwa nini hakuna anayeona haya. Chungu kisicho na alama hakimwaibishi mfinyanzi.