Upanga Uliomtoa Kiboko Majini

Masikio mmekuja nayo?

*Tumekuja nayo!*

Ya kusikilizia au ya kutundikia hereni?

*Ya kusikilizia!*

Basi kaeni, niwadanganye vizuri.

Palikuwa na Kiboko, mkubwa wa tumbo, mkubwa wa tamaa. Mwaka wa kiangazi kikali alilikalia bwawa pekee lililobaki na maji. Anayetaka kunywa, alipe. Mwenye asali alete asali, mwenye karanga alete karanga. Na vyote hivyo Kiboko alinunulia panga za kale za Kijapani, zile za bei ya kutisha, alizokuwa akizitazama kwenye simu kutwa nzima.

Kwenda kuziona hakwenda, maana jua humchoma ngozi. Akaona picha, akaipenda, akalipa, akaletewa. Kufungua, bati la paa. Akaona picha ya pili, akaipenda, akalipa, akaletewa. Kufungua, ubao uliopakwa rangi ya fedha. Akaona ya tatu, akaipenda, akalipa, na mpaka leo anasubiri. Na kila alipotapeliwa, hasira zake zilimwangukia mwenye kiu: bei ya maji ilipanda.

Bi Nguchiro alikuwa na watoto wanne na karanga zimemwishia. Asubuhi moja kitinda mimba wake alilia bila machozi, ulimi umekauka. Bi Nguchiro aliumia, akaumia kweli. Akachukua chuma kirefu cha kitanda kibovu, akakisugua kwa mchanga na majivu, swa! swa! swa!, mpaka kikang'aa. Akakitia mpini, akakifunga kwenye kanga, akakiacha nyumbani kwake mwambani, juu ya kilima. Kisha akashuka bwawani.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Karanga ziko wapi?"

"Zimekwisha. Kilichobaki ni upanga wa Kijapani wa marehemu bibi, una miaka mia nne."

Masikio ya Kiboko yakaanza kucheza. Picha hazitaki tena, alisema, safari hii aletewe aushike mwenyewe. Bi Nguchiro akasikitika. Upanga wa kale, alisema, hauletwi penye unyevu, utaota kutu, anayeutaka huufuata. Uko juu mwambani kwake, na hutazamwa jua likiwa utosini, ndipo mawimbi ya makali yake yanapoonekana. Tena mtazamaji hubana karatasi mdomoni, mate yasiuguse. Akiudondoshea mate ameuharibu, na akiuharibu ameununua.

Hayo yote Kiboko alikuwa ameyasoma kwenye simu, akatikisa kichwa kama mjuzi. "Bei yake?"

"Bwawa."

Kiboko akacheka mpaka maji yakatikisika. Moyoni alishapanga kuutazama, kuunyakua na kuondoka. Akaapa mbele ya Mzee Tembo, aliyeogopwa hata na Kiboko, kwamba akiudondoshea mate bwawa si lake tena.

Jua likafika utosini. Kiboko akapanda kilima, ti! ti! ti!, ngozi inamwaka. Akapiga magoti, akainama kwa heshima, akabana karatasi. Mzee Tembo akasimama pembeni. Bi Nguchiro akafungua kanga. Chuma cha kitanda kikameta, na moyo wa Kiboko ukamdunda kwa furaha.

"Tazama polepole, bwana mkubwa," alisema Bi Nguchiro. "Ukimaliza makali nitakuchomolea mpini, uone mkia wake wenye kutu nyeusi ya kale. Hapo ndipo wa kweli hujulikana."

Mara huko chini, chubwi! Swala kaingia majini. Chubwi! Nyani kaingia majini. Bi Nguchiro alikuwa amewaambia tangu asubuhi: kivuli chenu kikiwa chini ya nyayo, ingieni.

"Mmmh!" alisema Kiboko, karatasi mdomoni.

Chubwi! Chubwi! Chubwi! Ngiri kaingia na ukoo mzima, tena wanaoga. Kiboko akasahau karatasi, akasahau kiapo. Akaufungua ule mdomo wake mnaoujua.

"Tokeni majini mwangu!"

Mate yakamwagika, shwaaa, ndoo nzima, juu ya upanga.

Bi Nguchiro akaangua kilio cha kumlilia bibi yake. Alilia vizuri mno.

"Uliapa," alisema Mzee Tembo.

"Lakini mkia sijauona!"

"Ungefunga mdomo ungeuona."

Basi vigelegele vikapigwa kilima kizima. Watoto wa Bi Nguchiro walikunywa mpaka wakakwama njiani kurudi, matumbo yanaburuzika chini. Bi Nguchiro alikunywa wa mwisho, taratibu, macho yamefumbwa. Na Kiboko? Alikunywa pia, bure, baada ya kupanga foleni nyuma ya Ngiri.

Ngano imefika kwake, mimi bado nimekaa. Mwenye kata anipe maji.

Na funzo, wanangu, lishikeni: kitu cha thamani msiende kukiona kwa macho, ni hatari. Kaeni majini mwenu, tazameni picha, lipeni, mletewe bati. Bati halijawahi kumnyang'anya mtu bwawa.