Jina Moja la Nishani

Hapo zamani, kule Uskoti, ambako mvua ikikatika watu huulizana imekwenda wapi, paliishi profesa wa fizikia aitwaye Lachlan Geddes. Tangu ujana wake alikuwa akiunda mizani ya uzi mwembamba, ya kupima jinsi vitu vinavyovutana. Akapata uprofesa, akaota mvi, mizani bado. Kila asubuhi msaidizi wake, Torquil, aliwasha moto, maana maabara ilikuwa na baridi kali. Wakawasha, wakapima, sindano ya mizani ikatetemeka, isitulie. Kesho yake wakawasha, wakapima, sindano ikatetemeka. Chuo kikachoka, kikasema sindano isipotulia mwaka huo, maabara itafungwa.

Profesa akataka kupima hata Jumapili. Dada yake Effie, aliyemtunzia nyumba, akakataa katakata. Katika mji ule Jumapili hakuna aliyepika wala kufua, sembuse kupima. Jumamosi jioni akaumwagia moto maji, akafunga maabara, na kesho yake akaenda kanisani na ufunguo.

Torquil uvumilivu ukamshinda. Watu wakiwa kwenye zaburi, akachungulia dirishani kwa darubini. Sindano ilikuwa imetulia tuli. Kumbe joto la moto ndilo lililoisumbua miaka yote! Lakini alionekana, kanisa likamtenga, na katika mji ule aliyetengwa hakuna anayemwajiri.

Profesa, alipoelezwa na Torquil, akapima bila moto msimu mzima wa baridi. Joto la mwili nalo lilisumbua, basi akasimama nje kwenye theluji, darubini jichoni. Jibu akalipata. Vidole vya mkono wa kulia vikafa ganzi, visipone tena.

Chuo kikatoa nishani moja yenye nafasi ya jina moja tu, na mwenye jina angepewa kazi ya maabara maisha yake yote. Profesa akaambiwa aliandike.

Effie akasema, "Moto niliuzima mimi. Ninyi wawili mliuwasha."

Torquil akajibu, "Uliuzima, Bi Effie, lakini hukuona kitu. Mimi niliona, na leo sina pa kula."

Profesa akasema, "Kuona si kupima. Mizani ni yangu, na vidole ni vyangu."

Akaishika kalamu, ikamponyoka. Torquil akaiokota amwandikie, Effie akaibana karatasi isipeperuke. Watatu wakatazamana, na wino unakauka.

Haya, kalamu hiyo hapo. Wewe ungeandika jina la nani?